Mifupa na Vigae: Jinsi Watu wa Kale wa Pwani Wanavyosomwa Ardhini

Mfupa wa mtu ukitolewa ardhini huwa na habari za aina moja, na kigae kilichookotwa hatua chache kutoka hapo kina habari za aina nyingine. Mfupa hueleza mwili: ulikuwa wa mwanamume au mwanamke, ulifikia umri gani, uliugua nini, ulilishwa nini, na wazee wake walitoka wapi. Kigae, ushanga au sarafu hueleza shughuli: nani alifinyanga, nani alinunua, chombo kilisafiri umbali gani kabla ya kuvunjika. Kazi ya mwanaakiolojia ni kuziweka habari hizo pamoja, hata pale zinapopingana. Pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa, zinapingana mara nyingi, na hapo ndipo watafiti wamejifunza mengi zaidi.

Pwani hiyo ina bahati mbili. Ya kwanza ni mchanga wake wa matumbawe, wenye chokaa, unaohifadhi mifupa ambayo udongo wenye tindikali wa sehemu nyingi za bara ungeila ikaisha. Ya pili ni kwamba miji kadhaa ya kale, kama Shanga, Gedi na Songo Mnara, ilihamwa na haikujengewa tena juu yake. Lakini ina ugumu wake pia. Mwislamu huzikwa na sanda tu, bila kitu kingine chochote. Mtafiti anayefungua kaburi la Mtwapa hatakuta chungu, mkufu wala kisu kando ya maiti. Vitu vya marehemu, kama vingalipo, viko kwenye jaa la mji, vimechanganyika na vya majirani zake. Kwa hiyo hapa mifupa huchimbwa upande mmoja na vitu upande mwingine, kisha kinachoviunganisha ni tabaka za udongo.

Tabaka ndizo kalenda ya kwanza. Kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata, isipokuwa pale mtu wa baadaye alipochimba shimo la kisima, la choo au la kaburi akachanganya mambo. Ndiyo maana wachimbaji hushuka sentimita chache kwa wakati mmoja kwa mwiko na brashi, huchekecha udongo wote, na huchora kila shimo kabla ya kulimaliza. Bakuli zuri la Kichina lililochimbuliwa usiku na mtafuta mali hubaki kuwa bakuli zuri tu. Limepoteza tabaka lake, na kwa elimu ya kale thamani yake imeshuka chini ya ile ya kigae kibovu ambacho mahali pake panajulikana.

Mfano bora wa yale ambayo mfupa peke yake unaweza kusema hautoki kwenye miji ya mawe. Unatoka Panga ya Saidi, pango lililo katika kaunti ya Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka baharini. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwaka 2013 vilionekana vipande vya kwanza vya mifupa, na mwaka 2017, kwenye kina cha mita tatu hivi, likafunuliwa shimo dogo la mviringo. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa imeoza kiasi cha kugeuka unga ikiguswa. Hawakujaribu kuitoa. Walilizungushia bonge zima la udongo plasta, wakalipeleka Nairobi na baadaye Burgos, nchini Hispania, ambako lilifunguliwa taratibu ndani ya maabara.

Meno ndiyo yaliyothibitisha kwamba huyo alikuwa binadamu, na tena mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Wanasayansi wakampa jina la Mtoto. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi karibu na kifua. Mbavu na mifupa ya mabega ilikuwa imeshikamana kwa namna inayoonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilifungwa ndani ya kitu, labda ngozi au majani. Fuvu na mifupa ya shingo vilikuwa vimeporomoka kama inavyotokea pale kichwa kilipowekewa mto na mto huo ukaoza baadaye. Hakuna aliyeiona ngozi hiyo wala mto huo. Vyote viwili vimesomwa kutokana na jinsi mifupa ilivyohama kidogo kutoka mahali pake. Hilo ni kaburi la miaka 78,000 iliyopita, na ndilo la zamani kuliko yote ya binadamu yaliyothibitishwa barani Afrika. Kaboni ya mionzi, kipimo kinachotumika zaidi kwa mabaki ya viumbe, haifiki huko. Hufifia ikikaribia miaka 50,000. Umri wa Mtoto ulipatikana kwa kupima chembe za mchanga zilizomzunguka, ambazo hujikusanyia nishati tangu siku zilipofunikwa zisipate tena mwanga wa jua.

Umri wa mtoto husomwa kwenye meno kwa sababu meno huota kwa ratiba ambayo haibadiliki sana kati ya mtu na mtu. Kwa kijana, macho huelekea kwenye ncha za mifupa mirefu, ambazo huwa zimetengana na shina lake na kuungana moja baada ya nyingine. Mtulinga, upande wa kifuani, huwa miongoni mwa ya mwisho, baada ya miaka ishirini na kitu. Baada ya hapo kipimo hulegea. Mtu mzima hukadiriwa kwa kuchakaa kwa viungio vya nyonga, na jibu hutolewa kwa muongo. Anayetangaza kwamba mifupa fulani ni ya mzee wa miaka 57 amesema zaidi ya anachokijua. Jinsia husomwa kwenye nyonga, ambayo kwa mwanamke ni pana kwa ajili ya uzazi, na kwenye fuvu kwa uhakika mdogo zaidi. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, mifupa haina jibu la kuaminika.

Maradhi huacha alama pia, ingawa si yote. Kifua kikuu huweza kubomoa pingili za uti wa mgongo hadi mgongo ukapinda. Ukoma hula mifupa ya pua, vidole vya mikono na vya miguu. Upungufu wa damu wa muda mrefu utotoni hutoboa vitundu kwenye paa la tundu la jicho. Njaa au ugonjwa mkali unaompata mtoto meno yake yanapojengeka huacha mistari iliyolala kwenye enameli, na mistari hiyo haifutiki maisha yote. Lakini maradhi yanayoua haraka, kama kipindupindu au malaria kali, humwondoa mtu kabla mfupa haujapata muda wa kubadilika. Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Mifupa misafi inaweza kuwa ya mtu dhaifu aliyekufa katika siku tatu za kwanza za ugonjwa, na mifupa yenye makovu inaweza kuwa ya mtu mwenye nguvu aliyeugua, akapambana, akaishi miaka mingi baadaye. Makaburi yenye alama nyingi za maradhi si lazima yawe ya jamii iliyokuwa na afya mbovu zaidi.

Chakula nacho hukaa mwilini. Mtama, uwele na nyasi za nchi za joto hunasa kaboni kwa njia moja. Mpunga, kunde na ndizi kwa njia nyingine, na uwiano wa isotopu za kaboni kwenye mfupa huonyesha mtu aliegemea upande gani. Pwani kipimo hiki huleta utata, maana samaki wa baharini hutoa jibu linalokaribiana na la mtama. Hapo hutumika isotopu za naitrojeni, ambazo hupanda kadiri mlaji anavyokula wanyama au samaki wanaokula wenzao. Enameli ya jino hujengwa utotoni na haifanyiwi ukarabati, ilhali mfupa hujijenga upya maisha yote. Basi jino likisema mtu alinywa maji ya nchi ya miamba ya aina fulani na kaburi lake liko kwenye miamba ya aina nyingine, huyo alikulia kwingine.

Vipimo hivyo huhitaji kushikwa mkono na vitu. Kisiwani Pemba, mbegu zilizoungua zilizochujwa kutoka kwenye udongo wa Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, ni za uwele kwa wingi. Huko Chwaka, jirani yake, mji ulioinuka kuanzia karne ya 11, mpunga unatawala. Watu wa eneo lile lile, wajukuu wa wale wale, walibadilisha chakula chao kikuu, na tena kwa nafaka inayodai kazi nyingi zaidi shambani. Mifupa ya samaki nayo inasimulia. Katika karne za mwanzo, wakazi wa pwani walivua kwenye miamba na maji ya karibu. Samaki wa maji makuu, papa wakiwemo, wanaongezeka baada ya mwaka 1000 hivi. Ni jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba Mswahili alizaliwa juu ya jahazi. Kuishi kando ya bahari kulitangulia kwa karne kadhaa kuishi kwa bahari.

Mifupa huweza pia kushuhudia mauaji. Huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana, timu ya Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuta mwaka 2012 mabaki ya watu wasiopungua 27 walioishi kama miaka 10,000 iliyopita. Kati ya 12 ambao mifupa yao ilikuwa karibu kamili, 10 walionekana kufa kifo cha kikatili: mafuvu yaliyopasuliwa, magoti na mbavu zilizovunjika, na fuvu moja likiwa bado limekwamiwa na kipande cha jiwe la obsidiani. Mmoja alikuwa mwanamke mjamzito wa miezi ya mwisho, na namna mikono yake ilivyokaa ilionyesha kwamba huenda alifungwa. Mvunjiko wa siku ya kifo hutofautiana na jeraha la zamani kwa kuwa hauna mfupa mpya uliojaribu kuuziba, na hutofautiana na pigo la jembe la juzi kwa kuwa kingo zake zina rangi sawa na mfupa mwingine. Mvunjiko unaoletwa na uzito wa udongo miaka mingi baadaye, hata hivyo, ni mgumu zaidi kutenga, na baadhi ya wataalamu wamehoji kama mafuvu yote ya Nataruk yalipasuliwa na watu. Kipande cha obsidiani hakipingiki kirahisi hivyo. Jiwe hilo ni adimu katika eneo lile, na ndilo linalofanya watafiti wafikiri kwamba washambuliaji walitoka mbali. Bila kijipande hicho, mifupa ingesema kwamba watu waliuawa na kunyamaza kuhusu wauaji.

Kwenye miji ya pwani vitu ni vingi kuliko mifupa, na kati ya vitu, vigae ndivyo vingi zaidi. Chungu huvunjika upesi lakini kigae hakiozi. Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, akapata historia ya mji tangu karne ya 8 hadi ulipohamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta mabaki ya misikiti ya awali, mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikiwa ya miti na udongo na ya kutosha watu wachache tu. Ya mwanzo ni ya nusu ya pili ya karne ya 8. Karibu yake kulikuwa na makaburi ambayo maiti zimeelekezwa kaskazini, upande wa Makka. Hivyo Uislamu ulikuwapo pwani wakati mji wenyewe ukiwa bado kijiji cha nyumba za udongo, muda mrefu kabla ya kasri na misikiti ya matumbawe. Mapokeo yanayoufanya uje pamoja na wajenzi wa mawe yanahitaji kusogezwa nyuma karne kadhaa.

Vyombo vya kigeni vya miji hii vimepigwa picha mno: mitungi ya rangi ya feruzi kutoka Ghuba ya Uajemi, bakuli za kijani na baadaye za buluu na nyeupe kutoka China, shanga za kioo za India na Sri Lanka. Lakini ukihesabu vigae vyote vya jaa la kawaida, vya kigeni kwa kawaida havifiki asilimia 5. Vinavyobaki ni vyungu vya kupikia vilivyofinyangwa hapo hapo, vyenye michoro ya pembetatu zilizokwaruzwa shingoni, na ndugu za vyungu hivyo hupatikana mbali bara na kusini mwa pwani. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda miaka ya 1960, alitazama zaidi vile vichache vinavyong'aa na akaona miji iliyoanzishwa na wageni. Kizazi kilichofuata, wakiwemo Felix Chami na Chapurukha Kusimba, kilihesabu vile vingi visivyong'aa kikaona miji iliyoota kwenye ardhi ya Afrika. Ushahidi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kitu gani kilionekana kinastahili kuhesabiwa.

Sarafu zina faida ambayo kigae hakina: zina majina. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi nyingine. Dinari ya karibuni kabisa ni ya mwaka 1066, kwa hiyo akiba haikufukiwa kabla ya hapo. Miongoni mwa majina kuna Ali bin al-Hasan, jina ambalo habari za kale za Kilwa humpa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi. Mtu aliyedhaniwa na wengine kuwa wa hadithi tu akapata karne. Mwaka 2013, kisiwani Manda, timu ya Kusimba na Sloan Williams ilipata sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Sarafu hiyo inathibitisha kwamba tabaka lake si la kabla ya mwaka 1402. Haithibitishi kwamba Mchina alifika Manda, maana sarafu hupita mikononi mwa watu wengi, na huweza kukaa ndani ya sanduku miaka mia kabla ya kuanguka.

Bakuli hukaa hata zaidi. Pwani kulikuwa na desturi ya kupachika sahani na bakuli za Kichina kwenye nguzo za makaburi na kuta za mihrabu. Bakuli lililopachikwa hivyo lilikwisha kutoka kwenye matumizi ya kila siku likageuka ishara ya heshima ya ukoo. Anayeitumia tarehe ya bakuli kuwa tarehe ya kaburi huweza kukosea kwa vizazi viwili au vitatu, kwa kuwa familia ingeweza kulirithi muda mrefu kabla ya kulipachika.

Baada ya miaka hamsini ya ubishi wa vyungu, mifupa ikasikilizwa kwa njia mpya. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara na Lindi, pamoja na Makwasinyi iliyoko bara, huko Taita. Kazi hiyo iliongozwa na Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na Kusimba, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones. Joto la pwani huharibu vinasaba haraka, kwa hiyo mfupa unaotafutwa kwanza ni ule mgumu unaozunguka sikio la ndani.

Waliokuwa wakibishana walipata kila mmoja sehemu ya haki yake, na si kwa namna waliyoitarajia. Watu wengi waliopimwa walikuwa na damu mbili, ya Afrika na ya Asia, na ya Asia ilitoka zaidi Uajemi, ikiwa na sehemu ndogo ya India. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000, muda unaokaribiana na ule wa habari za Kilwa na wa akiba ya Mtambwe. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni inaongezeka. Kilichowashitua wasomaji wengi zaidi ni jinsi damu hizo mbili zilivyogawanyika kati ya kina mama na kina baba. Sehemu ya vinasaba inayorithiwa kwa mama peke yake ilikuwa ya Kiafrika kwa karibu wote; ile inayopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana ilikuwa, kwa wanaume wengi wa Manda na Mtwapa, ya kusini-magharibi mwa Asia. Walikuja wanaume, wakaoa.

Hapo ndipo vigae vinarudi. Kama mababa wa Kiajemi wangekuja na kuusimamisha mji wao wenyewe, karibu na mwaka 1000 pangeonekana mapinduzi jikoni: vyungu vingine, majiko mengine, nyumba za mpango mwingine. Hayapo. Vyungu vinaendelea kufinyangwa kwa mkono ule ule, mji kama Shanga unakua pale pale ulipokuwa tangu karne ya 8, na lugha iliyorithiwa na watoto ilikuwa ya Kibantu, lugha ya mama zao. Vinasaba vinaeleza nasaba, na nasaba si jinsi ya kuishi. Mtu wa Mtwapa mwenye nusu ya damu ya Asia alikula kwenye chungu cha pwani, akasema lugha ya pwani, na huenda alijivunia babu yake wa Shiraz kwa sababu ukoo wa namna hiyo ulikuwa na faida sokoni na msikitini. Wanaosoma takwimu za 2023 na kutangaza kwamba miji ilikuwa ya Waajemi baada ya yote wanairudia kasoro ya Chittick kwa vifaa vipya.

Pia inafaa kukumbuka ni akina nani waliopimwa. Makaburi yanayoonekana na kuchimbwa ni yale ya karibu na misikiti na nyumba za mawe, ya watu wenye nafasi. Wavuvi, wakulima wa mashamba ya nje, watumwa na wageni waliopita njia walizikwa mahali ambapo hapana nguzo wala ukuta wa kuelekeza mchimbaji. Watu 80 katika miaka zaidi ya 500 ni wachache kwa vyovyote. Na makaburi hayo ya pwani ni ya Waislamu ambao wajukuu wao bado wanaishi kilomita chache kutoka hapo, kwa hiyo kupima mifupa huanza na idhini ya wakazi na mapatano juu ya kuirudisha kaburini.

Kwa wale wasio na nguzo wala mawe, utafiti sasa unaelekea kwenye udongo wenyewe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, zilijulikana kwa muda mrefu kwa magofu yake ya matumbawe tu. Huko Songo Mnara, Fleisher na Wynne-Jones walipima sumaku na kemia ya ardhi katika viwanja vilivyodhaniwa kuwa vitupu kati ya nyumba za mawe, wakakuta mabaki ya nyumba za miti na udongo. Sehemu ya kupikia huacha fosforasi na majivu. Palipolazwa mikeka au kupepetwa nafaka hubaki chembe ndogo za silika zilizokuwa ndani ya mimea, zinazoonekana kwa hadubini. Chembe hizo haziozi, na mimea mingi ina za umbo lake.